Neno moja, kitu kimoja: jinsi ya kutengeneza sanaa ya kifeministi kwa vitu vya nyumbani

Mwanaume akioa watu wanasema "amepata jiko". Umeshasikia mara ngapi? Mi nimesikia maisha yangu yote na nilikuwa naitikia kama wengine, hadi siku moja nasugua jiko lenyewe, lile la chuma, masizi yamejaa mpaka kwenye miguu yake, nikasimama na steliwaya mkononi nikawaza hivi hiki ninachokisugua ndo mimi? Siku ile nikaacha kusugua, nikachukua chaki nikaandika jina langu ubavuni mwa jiko. Hiyo ndo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya sanaa, na mpaka leo naona ilikuwa na kila kinachohitajika: neno linalosemwa kila siku, kitu kinachoshikwa kila siku, na mtu aliyeviweka pamoja ili vionekane.

Nataka nikuelekeze namna ya kufika hapo. Huhitaji kujua kuchora, huhitaji rangi za bei mbaya wala chumba maalum. Unahitaji sikio, daftari na kitu kimoja cha nyumbani, afu uvumilivu, huo ndo mwingi kuliko vyote.

Kabla hujaanza tafuta vidio moja ya msanii Martha Rosler wa Marekani, ya mwaka 1975, inaitwa Semiotics of the Kitchen. Haina rangi, haifiki hata dakika 7. Rosler mwenyewe kasimama nyuma ya meza jikoni anataja vyombo kwa mpangilio wa alfabeti, A ni aproni, anaivaa, afu bakuli, afu vingine vinafuata, kila kimoja anakitaja na kuonyesha kinatumikaje. Sasa we angalia mikono. Upawa anachota kitu ambacho hakipo afu anakitupa pembeni kwa nguvu, uma anauchoma hewani kama anachoma mtu, na akifika kwenye herufi za mwisho haonyeshi chombo tena, anazichora herufi zenyewe hewani kwa mikono yake miwili, kashika kisu na uma. Hajalalamika hata neno moja. Hasira yote ipo kwenye jinsi kitu kinavyoshikwa, na hilo ndo somo la kwanza, ukilibeba hilo umeshabeba nusu ya kazi.

Anza na masikio

Chukua daftari dogo au tumia simu, kwa wiki mbili andika sentensi unazosikia kuhusu wanawake na kazi za nyumbani. Andika vile vile zilivyosemwa, usirekebishe, usiweke maoni yako. Pembeni weka nani kasema, kamwambia nani, na mikono ya kila mmoja ilikuwa inafanya nini wakati huo. Hiyo ya mikono usiiruke, ndo itakayokupa kitu chako baadaye.

Siku mbili tatu za mwanzo utaona hamna kitu, afu ghafla utaanza kusikia kila mahali. Kwenye daftari langu la kwanza nilikuwa na "mke wangu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani", nilikuwa na "leo nimemsaidia mama watoto kufua", "utaolewa na nani na kupika hujui", "kwa mwanamke umejitahidi", na "mama hachoki". Angalia hiyo ya kusaidia. Ukisema umemsaidia mtu, maana yake kazi ni yake, we umepita tu ukatoa mkono. Nguo ni za wote, uchafu ni wa wote, ila kitenzi kimeshagawa mwenye kazi ni nani. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo, kitenzi kimefanya kimya kimya.

Na hapa Kiswahili kina utajiri wake. Sisi "yeye" ni yeye tu, hatuna yeye wa kiume na yeye wa kike kama Waingereza na Wafaransa, ndo maana wengi wanadhani lugha yetu haina upendeleo wowote. Ila upendeleo haujaondoka, umehamia kwenye kitenzi. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, yaani mmoja anatenda mwingine anatendwa, na huwezi kubadilisha bila watu kugeuka kukuangalia, kwani mwanaume akiambiwa "ameolewa" ni tusi kabisa. Neno ambalo kwa mmoja ni sherehe kwa mwingine ni tusi. Ukikutana na neno la namna hiyo lizungushie duara, usilipite.

Afu kuna maneno ambayo tayari yamebeba kitu ndani yake, hayo kwa mtu anayefanya sanaa hii ni hazina. Jiko nimeshasema. Kuna ungo, msichana akipata hedhi ya kwanza wazee wanasema amevunja ungo, damu imefunikwa na chombo cha kupepetea. Na kuna mwiko, ambao ni chombo cha kupikia na ni marufuku, neno moja maana mbili, unashika mkononi kile kile unachokatazwa. Mi nikiwaza mwiko huwa naona kama lugha ilishafanya kazi ya sanaa kabla yetu, sisi tunakuja kuweka tu mwanga.

Kuhusu hedhi kuna kazi moja inafaa uijue. Mwaka 1972 wasanii wawili wa Marekani, Judy Chicago na Miriam Schapiro, pamoja na wanafunzi wao walichukua nyumba iliyotelekezwa Hollywood, wakaikarabati wenyewe, afu kila chumba wakakigeuza kazi ya sanaa, wakaiita Womanhouse. Bafu moja Judy Chicago alilifanya jeupe kila mahali, na ndani kuna pipa la taka limefurika pedi na tamponi zilizotumika. Basi. Watu walizoea kulizunguka jambo hilo kwa maneno ya pembeni, pale walikuta limewekwa kwenye mwanga mweupe. Chumba kingine Sandra Orgel aliweka kabati la mashuka, na ndani ya kabati kasimama sanamu ya mwanamke, ile ya kuonyeshea nguo dukani, rafu zimemkata katikati, mashuka yaliyokunjwa vizuri yamepangwa juu ya mwili wake. Rafu hizo zinanikaa kichwani kila nikikunja mashuka.

Kuchagua neno

Baada ya wiki mbili una sentensi thelathini, arobaini. Unatakiwa ubaki na moja. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanachagua ile yenye tusi kubwa kuliko zote. Mi nakushauri usianze na tusi. Tusi kila mtu anajua ni baya, mtazamaji akilisoma anatikisa kichwa, anasikitika kidogo, anaondoka zake akijiona yeye sio wa hivyo. Tafuta lile linalosemwa kwa upendo. "Mama hachoki" linasemwa kwenye hotuba, kwenye kadi, mtoto analiimba shuleni, na mama mwenyewe anatabasamu akisikia, afu anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu amesifiwa kwamba hachoki. Neno kama hilo mtazamaji ameshalisema na mdomo wake, hawezi kukaa nje ya kazi yako.

Sio kwamba maneno makali hayafai. Annette Messager wa Ufaransa mwaka 1974 alikusanya methali zinazodharau wanawake akazidarizi kwa mkono kwenye vitambaa vyeupe. Ila ona alichofanya, methali ni ya ukatili, uzi ni wa upole. Kudarizi ndo kazi ile ile wasichana walikalishwa kufundishwa ili watulie, na yeye akatulia nayo kweli, herufi kwa herufi, mpaka methali ikabaki uchi.

Kutoka hapo nikajitengenezea kanuni ambayo natumia hadi leo: neno kali liweke kwenye kitu laini, neno laini liweke kwenye kitu kigumu. "Mke wangu hafanyi kazi" liende kwenye foronya ya mto. "Mama hachoki" liende kwenye chuma. Ukiweka kali kwenye kigumu unapiga kelele, laini kwenye laini inakuwa pambo la ukutani la kumnunulia mtu siku ya kuzaliwa.

Kitu chenyewe

Kitu kiwe kimetumika. Nasisitiza hili kwa sababu kila ninayemfundisha anakuja na sufuria mpya inang'aa, na sufuria mpya haina ushahidi wowote. Iliyotumika ina makovu, mpini umelegea, chini kumeungua upande mmoja kwa sababu moto ulikuwa unawaka upande huo miaka yote, hayo yote ni maandishi tayari. Usiisafishe kwanza. Ikague tu isiwe na ukungu au ncha ya kumkata mtu.

Msanii Mary Kelly wa Marekani alifanya kazi kubwa kati ya 1973 na 1979 kuhusu yeye na mwanawe mchanga, Post-Partum Document. Mwaka 1976 alipoonyesha sehemu za mwanzo London, kwenye jumba la sanaa la ICA, magazeti yalichachamaa kwa sababu kwenye fremu alikuwa ameweka vitambaa vya ndani vya nepi vyenye madoa halisi ya mtoto, na juu yake amechapa kwa mpangilio mtoto alilishwa nini siku hiyo. Angechora nepi hakuna ambaye angekasirika. Kilichowashtua ni kwamba kitu ni chenyewe na maandishi ni ya utulivu kabisa kama ripoti ya maabara. Kwenye sehemu za mbele anaandika maneno ya mtoto anavyoanza kuongea na mwisho anavyoanza kuandika herufi, kwa hiyo unaona lugha inavyoingia ndani ya nyumba na mama anavyobaki anaandika kumbukumbu.

Na Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, 2017. Yeye mwaka 2007 alichukua vyombo vya mezani vya zamani 100, sahani, majagi, mabakuli ya supu, akapaka rangi juu ya mapambo ambayo tayari yalikuwepo, akaweka sura za watumishi weusi na matajiri wa mji wa Lancaster, Uingereza, uliofanya biashara ya watumwa. Hakutengeneza sahani mpya, alipaka juu ya zile za zamani zilizokwisha kukaa mezani kwa watu. Kazi zake nyingine zinachukua umbo la kanga, picha na maneno pamoja, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ukiziona utajua mara moja zinaongea vipi, kwamba neno la kwenye kanga halimsemeshi kila mtu kwa usawa, linamlenga mtu.

Chukua kitu kimoja tu. Kishawishi cha kuongeza ni kikubwa, utataka uweke na ufagio na pasi na beseni, acha. Vitu kumi vinakuwa stoo.

Na umeme usiuchezee. Msanii Mona Hatoum ana kazi ya 1999 inaitwa Home, vyombo vya jikoni juu ya meza vimeunganishwa na umeme, unasikia unavuma na taa zinawaka na kufifia ndani ya vyombo, ila kaweka uzio wa waya na mtazamaji hasogei. We unayeanza nyumbani kwako waya ziache.

Kulitia neno ndani ya kitu

Kwenye kitambaa, iwe foronya, aproni au kitambaa cha kukaushia vyombo, nakushauri udarizi kwa mkono, usipeleke kwa fundi mwenye mashine. Sababu nitasema. Kitambaa cha pamba kipige pasi, andika sentensi kwa penseli laini, herufi ziwe na urefu kama sentimita 3 ili mtu asome akiwa amesimama hatua chache. Usiige fonti ya kompyuta, tumia mwandiko wako wa shule. Kibane kwenye duara la kudarizia kikaze kama ngoma. Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi ndogo 6 zimeungana, zitenganishe utumie 3, na urefu wa uzi usizidi kutoka kwenye ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, ukizidi unajifunga mafundo. Mshono rahisi ni ule wa kurudi: sindano inatokea mbele kidogo ya ulipoishia, unarudi nyuma kuziba nafasi, afu unatokea mbele tena chini ya kitambaa. Kila hatua milimita 4 hivi, kwenye kona za herufi kama "o" na "a" fupisha ziwe 2 la sivyo herufi inakuwa na pembe. Usifunge fundo mwanzoni, acha mkia wa uzi nyuma uupitishe chini ya mishono.

Sasa sababu. Weka saa. Kila ukikaa kudarizi andika dakika. Foronya yangu ya "mke wangu hafanyi kazi" ilinichukua jioni tano, na nilipomaliza nikadarizi hizo saa kwa herufi ndogo pembeni chini kabisa, uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, hazionekani mpaka uinamishe kichwa. Watu wanaoinama wanakaa kimya muda mrefu. Mashine ingefanya kwa dakika nne na kazi isingesema kitu, maana sentensi inadai hakuna kazi na mshono unajibu upo, huu hapa, uhesabu.

Mgongo wa darizi usiuchukulie kama makosa. Pale nyuma nyuzi zinavuka kutoka herufi moja kwenda nyingine, maneno yamegeuka, yamechanganyikana. Tundika kazi kwenye kamba katikati ya chumba mtu aweze kuzunguka aone pande zote mbili.

Kwenye sufuria ya alumini au chuma, bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi, andika juu yake kwa kalamu, afu kwaruza kwa msumari mkali ukipita juu ya mistari mpaka ufike kwenye chuma, mara tano sita kila mstari, kidogo kidogo, ukikandamiza mara moja msumari unateleza na kukukata. Vaa glavu mkono ulioshika sufuria. Ukibandua utepe neno lipo. "Mama hachoki" mi nililiweka chini ya sufuria, upande wa motoni, kwa hiyo ukiikalisha kawaida huoni kitu, mpaka mtu aigeuze, na kuigeuza ndo kuiosha.

Kwenye mbao piga msasa laini sehemu ya kuandikia, andika kwa penseli, pitia na makapeni nyembamba, iache ikauke siku nzima kabla ya vanishi la sivyo wino unasambaa.

Ukitaka kutumia mwili wako

Sio lazima kitu kikae mezani. Unaweza kukitumia mbele ya kamera, na neno likawa kwenye kitendo. Letícia Parente wa Brazil mwaka 1975, nchi ikiwa chini ya wanajeshi, alijirekodi akishona maneno "Made in Brasil" kwenye unyayo wake kwa sindano na uzi, kwenye ngozi ya juu. Sindano ile ile ya kufungia vifungo. Usimwige huyo kwa kujichoma, chukua aidia yake, kwamba lebo ya kiwandani imewekwa kwenye mtu na aliyeiweka ni mkono wa kushona nguo za nyumbani.

Mierle Laderman Ukeles, msanii wa Marekani, ndo naona alifika mbali zaidi. Alizaa, akaona siku zinaisha kwenye kusafisha na kubadilisha nepi, na mwaka 1969 akaandika ilani kwamba kazi hiyo ya kutunza ndo sanaa yake kuanzia sasa. Mwaka 1973 akaosha kwa mikono ngazi na sakafu za makumbusho ya Wadsworth Atheneum kule Hartford. Baadaye, kati ya 1979 na 1980, akazunguka New York kuwapa mkono wafanyakazi wa taka 8,500 mmoja mmoja na kuwashukuru kwa kuuweka mji hai. Neno moja tu, asante, na kitu chenyewe ni mkono. Kanuni ya neno na kitu inafanya kazi hata hapo.

Ukirekodi na simu iweke kwenye kitu kisichotikisika, picha moja bila kukata, usiweke muziki hata kidogo. Sauti ya kufagia inatosha. Fanya kitendo chote mpaka kiishe, kama ni kufua basi shati lianikwe, watu wakichoka kuangalia ndo umewapa unachotaka kuwapa.

Maneno ya watu wengine

Hapa nenda taratibu. Mónica Mayer wa Mexico mwaka 1978 alitundika kamba ya nguo ndani ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Mexico City. Aliwapa wanawake wa mji vikaratasi vya pinki vyenye sentensi isiyoisha, kwamba kama mwanamke, kinachonichukiza zaidi kwenye mji huu ni, afu kila mmoja akamalizia, vikabanwa na vibanio vya nguo. Kazi hiyo imerudiwa miji mingi toka hapo kwa sababu ni rahisi na haichoshi kusoma. Ukitaka kuifanya kwenye jengo lenu au chuoni, siri iko kwenye ile nusu sentensi. Usiulize "una maoni gani kuhusu usawa", utapata majibu ya mtihani. Weka kitu ndani yake: "Ningekuwa na mlango wa kufunga, ninge..." au "Mkono wangu wa kulia leo ume..." Kikaratasi kiwe kidogo, kalamu ziwe nene ili watu waandike kifupi, kamba iwe usawa wa macho, na usihariri hata kosa la tahajia. Ila jina la mtu likitajwa kwenye jambo la ukatili lifunike kabla ya kutundika, na hakikisha anayeandika anaweza kutoa kikaratasi chake bila kuonekana.

Kwa kazi yangu ya miko niliwaomba wanawake saba wa ukoo, bibi, mama, mama mdogo, mashangazi na dada zangu, kila mmoja anipe mwiko wake wa zamani na aandike juu yake mwiko mmoja aliowekewa akiwa msichana. Niliwapa makapeni nikakaa pembeni. Bibi aliandika "usicheke hadi meno ya nyuma yaonekane", mwandiko umelala. Mama alizungusha mwiko mkononi muda mrefu afu akaandika "usiseme umechoka". Tukaitundika mstari mmoja, na watu walikuja wakasoma. Wiki moja baada ya maonyesho shangazi akanipigia, akasema mwanangu, lile neno langu nimelala nalo vibaya, litoe. Nikaenda na msasa nyumbani kwake, tukaketi wote wawili, nikalisugua mbele yake mpaka mbao ikawa nyeupe. Nikamuuliza na mwiko nikurudishie? Akasema hapana, urudishe kwenye mstari, ukae hivyo hivyo. Tangu hapo kabla sijaandika neno la mtu namwambia toka mwanzo kwamba anaweza kulitoa siku yoyote, hata baada ya miaka.

Na kama nyumbani kwenu kuna dada wa kazi, maneno yake na vitu anavyoshika yeye sio vyako kwa sababu tu viko nyumbani kwako. Muombe, mlipe muda wake, jina lake liwekwe kama anataka. Mary Sibande wa Afrika Kusini alijenga sanamu za Sophie, mfanyakazi wa ndani mwenye aproni nyeupe na gauni la bluu lililopanuka mpaka likawa la kimalkia, macho kafumba, na mwaka 2010 picha zake zilibandikwa kwenye mabango makubwa Johannesburg. Wanawake wa ukoo wake wenyewe walifanya kazi hiyo, alikuwa anasimulia ya kwao. Jiulize we unasimulia ya nani.

Kuonyesha

Andika makubaliano mapema, kwa meseji au barua pepe, kazi inakaa wapi, inaitwaje na kibandiko kinasema nini. Mi sikufanya hivyo kwenye maonyesho yangu ya pili, nikafika nikakuta foronya imetundikwa kwenye korido ya kwenda chooni na kibandiko kimeandikwa "mapambo ya nyumbani". Niliumia sana. Sasa hivi natuma mchoro, urefu kutoka sakafuni, taa itoke upande gani, na kibandiko nakiandika mwenyewe: jina la kazi, mwaka, kitu kilikuwa cha nani na kilitumika miaka mingapi. Maelezo marefu ya maana usiweke. Ukishaeleza, mtu anasoma ukuta badala ya kuangalia mwiko.

Piga picha za kumbukumbu mchana karibu na dirisha, taa ya balbu inafanya kitambaa kionekane njano. Piga mbele, nyuma, karibu kabisa, na moja mkono ukiwa umekishika ili ukubwa ujulikane.

Baada ya maonyesho amua kitu kinarudi kazini au kinastaafu. Sufuria niliirudisha jikoni, imeshapata masizi na neno halisomeki tena mpaka ulisugue. Miko ipo kwenye msumari sebuleni. Ule wa mama aliuomba wiki iliyopita kupikia wageni, akaurudisha umeoshwa, "umechoka" imeanza kufutika kwenye "ume". Leo jioni anakuja, makapeni nimeshaiweka mezani, nitamuuliza kama anataka tuiandike tena au tuiache hivyo hivyo.